Kama Imeandikwa, Tuombe ya Nini?

Muhula huu baba yangu amelazwa, nami kwa wiki mbili niliacha kumwombea dua. Nilijiambia: ajali yake imeshaandikwa, dua itabadili nini? Lakini kila asubuhi nilikwenda duka la dawa kumnunulia vidonge, na swali hilo sikujiuliza hata mara moja. Mbona kadari ilinizuia kwenye msala tu?

Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari za tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Akajibu kuwa wanaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Basi dawa ni katika kadari, na dua vilevile: huenda Aliyeandika shifa ameiandika pamoja na ombi litakaloileta. Kilichoandikwa sikijui. Ninachokijua ni amri ya kumuomba, iliyo katika Sura Ghafir, aya ya 60.

Baba bado yuko kitandani. Jana baada ya Isha niliinua mikono. Nanyi mwombeeni. Wallahu aalam.