Mjukuu Wangu, Uliza Kwanza

Mjukuu wangu, nasikia siku hizi ukoo mzima unakupigia wewe. Simu ya shangazi yako ikistaki, wewe. Laptopu ya baba yako ikigoma kuwaka, wewe. Hata yule mjomba wa Morogoro, asiyefika msibani wala harusini, anaikumbuka namba yako printa ikikataa kuchapa. Nafurahi. Lakini nimekusikia unavyowajibu, na ndiyo maana nimekuita.

Unajibu haraka mno. Mtu hajamaliza kusema, umeshamwambia "piga window upya." Hujamuuliza tatizo limeanza lini. Hujamuuliza siku ile alifanya nini. Hujamwambia akusomee kile kilichoandikwa kwenye kioo. Jibu lililotangulia swali limepotea njia, mwanangu, na wa kulitafuta si wewe, ni yule uliyempa.

Nakusihi, uliza kwanza.

Unamkumbuka yule binti wa nyumba ya pili aliyekuwa chuo? Laptopu yake ilikuwa nzito kuwaka, basi, hapakuwa na ugonjwa mwingine. Wenzake wa hosteli wakamwambia aipeleke kwa fundi ikapigwe window. Ikapigwa. Mashine ikarudi nyepesi, na utafiti wake wote haumo. Fundi akamwambia, "Vitu vya diski D vyote vipo." Naye hakuwa na kitu huko D. Kila alichoandika alikiweka kwenye desktopu, mbele ya macho yake, akiamini kinachoonekana ndicho kilicho salama. Kumbe desktopu na ile folda ya Documents hukaa kwenye diski C, humo humo inamokaa Windows. Fundi akiifuta C ili aanze upya, anavifuta vyote. Wote waliomshauri, na fundi juu yao, hawakumuuliza swali dogo: vitu vyako unaviweka wapi?

Kisha wakaja wafariji. Mmoja akamwambia apakue programu ya kurudisha mafaili yaliyofutika. Programu hizo zipo na zinafanya kazi, sikatai. Ila aliipakua kwenye diski ile ile iliyopoteza vitu! Katika diski za zamani, zile zinazozunguka, faili lililofutwa haliondoki papo hapo. Kinachoondoka ni kumbukumbu ya mahali lilipo, na mahali penyewe huachwa wazi kwa chochote kitakachofuata. Kila unachopakua kinaweza kuandikwa juu yake. Na kwenye hizi diski mpya za SSD matumaini ni haba zaidi, kwa kuwa diski yenyewe husafisha sehemu zilizofutwa bila kukuuliza. Yule binti alihitaji kuambiwa neno moja tu: zima. Zima, usiiguse, tumtafute anayejua.

Alirudia mwaka mzima akiandika kile alichokwisha kukiandika. Na wale waliomshauri hata mmoja hakurudi kumwuliza ilikwendaje. Washauri wabaya wote wana tabia hiyo.

Tena kuna ubaya unaofanywa kwa moyo safi kabisa, na huo ndio ninaouhofia zaidi kwako, kwa sababu moyo wako ni safi.

Unamnunulia bibi yako simu. Hana barua pepe, nawe una haraka, basi unaiwasha kwa akaunti yako au ya yule kijana wa dukani. Mambo yanakwenda. Miaka inapita, anasahau namba ya siri, jirani anamwambia "ibonyeze hivi na hivi, itajifuta, itakuwa kama mpya." Inajifuta kweli. Halafu inaomba akaunti ya Google iliyokuwamo. Ulinzi huo ulikuja na Android 5.1, mwaka 2015, ili kuwanyima wezi faida, na ni ulinzi mzuri. Lakini bibi yako si mwizi, na simu yake imemfungia mlango.

Laptopu nazo ni hivyo hivyo. Nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa siri pale tu mtu anapoingia na akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kuifungulia, tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Siku mtu akimshauri mwenzake abadilishe mipangilio ya BIOS "ili iwe nyepesi," mashine inaweza kuamka ikiudai ufunguo huo. Sasa kama akaunti ilikuwa ya kijana wa dukani Kariakoo aliyekwisha kuhama mtaa, utampata wapi?

Usinijibu kwamba basi watu wapige simu kwa huduma kwa wateja. Nimesikiliza muziki wao wa kusubirisha. Mwisho anatokea mtu, anakusomea karatasi: zima, kisha washa. Ushauri huo si wa kipumbavu, maana unasafisha yaliyoganda kwenye kumbukumbu ya mashine. Ila tangu Windows 8, mwaka 2012, kompyuta nyingi ukizizima kwa kawaida hazizimiki kabisa. Huweka akiba sehemu ya mfumo ili ziwake haraka kesho, na ile hitilafu inaweza kulala nayo humo. Anayetaka kuanza upya kweli achague Restart. Mtu anazima na kuwasha mpaka anachoka, na msoma karatasi hamwambii hilo, kwa kuwa karatasi haikuandika.

Na mchele, jamani! Simu ikiingia maji watu wanaizika kwenye mchele. Kampuni ya Apple iliandika wazi mwaka 2024 kwamba usifanye hivyo, vipande vidogo vya mchele vinaweza kuiharibu simu. Mchele tupike.

Wewe hukuwapo mwaka 2001. Barua pepe ilizunguka dunia nzima ikisema kuna faili liitwalo SULFNBK.EXE ndani ya kompyuta yako, ni kirusi, lifute upesi, kisha waambie na rafiki zako. Watu wakatafuta, wakalikuta, wakafuta, wakatuma. Lilikuwa faili halali la Windows! Halikuwa limemdhuru mtu. Barua ile haikubeba kirusi chochote. Watu wenyewe waliifikisha mbali, kila mmoja akimwonea huruma rafiki yake. Huruma isiyochunguza hufuta yaliyo mazima.

Sasa nikuoneshe barabara hii inakoishia, mjukuu wangu, maana nimewaona waliofika.

Mtu aliyepewa dawa mbovu mara kadhaa huchoka. Akichoka, humsikiliza yeyote anayeongea kwa upole. Siku moja kioo kinajaa maandishi mekundu, mashine yako ina virusi, piga namba hii. Microsoft wenyewe wanasema onyo lao la kweli haliwi na namba ya simu, lakini nani alimwambia? Anapiga. Sauti tamu inamwelekeza afungue Event Viewer, aone alama nyekundu. Kila kompyuta nzima inazo alama hizo, hata yako. Yeye anaogopa. Anaambiwa aweke programu ya AnyDesk ili asaidiwe, na kutoka hapo mgeni anatembea ndani ya mashine yake, akiba yake ya benki ikiwa mlango wa pili.

Siku hizi wezi hawahitaji hata kupiga simu. Tangu 2024 kuna kurasa zinazojifanya kuhakikisha kwamba wewe si roboti. Zinasema bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Basi. Mtu ameibandika amri ya mwizi kwa kidole chake mwenyewe.

Ni nani aliyewazoesha watu kubandika amri wasizozielewa? Ni wewe, mwanangu. Wewe na wenzako wote wenye moyo mwema mnaotuma "nakili hii, bandika pale, usijali inafanya nini." Shangazi amekutii. Kesho atamtii mwingine, kwa utii ule ule uliomfundisha.

Kwa hiyo nakuomba, ukimpa mtu hatua, mwambie hatua hiyo inafanya nini, na kama inaweza kurudishwa nyuma. Kama hairudi, msimamishe kwanza, anakili vitu vyake mahali pengine. Na pale usipojua, sema sijui. Sijui ya kweli haijawahi kufuta faili la mtu.

Haya, chukua simu. Mama yako mdogo wa Tanga alipiga asubuhi, anasema simu imejaa na dereva wa bodaboda amemshauri aifute WhatsApp, aiweke upya. Oda zake zote za vitenge zimo humo. Mpigie sasa hivi, kabla hajafuta, umuulize kama amefanya bakapu na kwa akaunti ya nani.