Shukuru Kabla ya Hesabu

Jioni ya Rosh Hashanah, mwaka wao mpya, Wayahudi wengi, wakiwemo wa Nairobi walio na sinagogi tangu 1913, huketi mezani na mkate wa mviringo. Humbariki Mungu atoaye mkate ardhini, kisha huchovya kipande kwenye asali badala ya chumvi waliyoizoea.

Ona mpangilio huo: mwaka haujaonyesha faida wala hasara, lakini shukrani imeshatangulia. Mimi niliyesomea biashara nilizoea kufunga hesabu kwanza, kushukuru baadaye. Nilikosea.

Ndugu yangu, karo ya muhula wa tatu inadai, biashara imelala, na mezani ni mahamri mawili na chai ya mkandaa. Usingoje mambo yanyooke. Bariki hayo mawili, mgawie jirani moja. Amina?