"Nilimwona" na "Sikuwako"

Liko swali moja liwasumbualo watu wengi vijijini. Mtu ameuawa, shahidi mwaminifu amesimama mbele ya jaji akasema, "Huyu ndiye, nilimwona kwa macho yangu," na mshitakiwa akahukumiwa. Kisha, baada ya miaka, majaji wa rufani wamfungua arudi kwao. Watu huuliza: Je, yule shahidi amefanywa mwongo? Na kama hakusema uongo, yawezaje kuwa haki kumwachilia mtu aliyeonekana?

Na tuweke mfano, maana neno lisilo na mfano ni gumu kushika. Huku milimani, Kibondo na Kasulu, nyumba zimeachana kwa migomba na mihogo, na njia za kijiji hata kijiji hupita katika miombo. Katika miaka ya 1990 na baadaye majambazi wenye bunduki walikuwa wakivizia njiani na kuvunja nyumba za watu. Tuseme basi wamevunja mlango wa mama mmoja usiku wa manane. Ndani mna koroboi. Watu watatu waingia, mmoja ana tochi, mmoja ana bunduki. Mume auawa, fedha za maharage zachukuliwa, nao watoka. Kulipokucha mama amtaja kijana wa kijiji cha pili: "Alikuwako." Kijana naye asema, "Sikuwako. Usiku ule nalilala kwa shemeji yangu huko Kasulu. Na aitwe aulizwe."

Ni nani aongopaye? Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa hudhani sharti mmoja awe mwongo. Sivyo. Uongo ni jambo la nia. Kukosea ni jambo la macho, na mwanga, na hofu. Mama aweza kusema yote yaliyo moyoni mwake kwa unyofu, hata akaapa, na mtu yule asiwe ndiye. Sisi waalimu twalijua jambo hili kila siku: watoto wawili watazamao ugomvi mmoja uwanjani huleta habari mbili, wala hakuna hata mmoja wao anayestahili kuadhibiwa kwa uongo.

Kwa sababu hiyo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka njia zote za kukosea zimezibwa. Yapasa shahidi aulizwe: Ulimtazama muda gani? Alikuwa mbali kiasi gani? Palikuwa na mwanga gani? Ulikuwa umemjua kabla? Maswali haya yaonekana madogo, lakini yatie ndani ya ile nyumba uone. Koroboi huangaza kiganja na ukingo wa meza. Pembeni ni giza. Tochi nayo, ni nani aliyeishika? Akiishika jambazi na kukumulika usoni, yeye akuona wewe, wala wewe humwoni yeye. Waona moto mweupe tu. Na aliyeelekezewa bunduki hutazama bunduki. Wazee husema macho hayana pazia. Kweli, lakini usiku ni pazia.

Wengine watasema, "Lakini mama alimjua kijana tangu utotoni." Hilo lina nguvu, nalo huzidi nguvu ikiwa alimtaja jina mara ya kwanza alipopata nafasi, kwa majirani waliokimbilia yowe, wala si baada ya wiki mbili za minong'ono. Hata hivyo kumjua mtu si kinga kamili. Isaka alimpapasa mwanawe mwenyewe akambariki siye. Na ajabu yake ni kwamba sikio lake lilikuwa limemwambia kweli, akaamini mikono.

Wala kosa hili si la watu wa koroboi peke yao. Huko London, mwaka 1896, Adolf Beck, mtu wa Norwei, alishitakiwa kuwalaghai wanawake na kuchukua vito vyao. Wanawake wengi walisema, "Ndiye," nao walikuwa wamezungumza na mlaghai uso kwa uso. Ilidhaniwa kwamba ndiye yule aliyefungwa mwaka 1877 kwa jina la John Smith kwa hila ile ile. Beck alitaka kuonyesha kwamba wakati ule alikuwa Amerika ya Kusini. Jaji hakuruhusu neno hilo lisikiwe. Akahukumiwa kifungo cha miaka saba. Mwaka 1904 akashikwa tena, akaonekana na hatia tena, mpaka mlaghai wa kweli akakamatwa huku Beck yumo kifungoni. Aibu ile ilisaidia kuwaletea Waingereza mahakama ya rufani ya jinai mwaka 1907. Na huko Marekani, katika watu zaidi ya 300 waliofunguliwa kwa vipimo vya vinasaba, karibu saba katika kila kumi walikuwa wametambuliwa kimakosa na walioona.

Sasa "sikuwako." Watu huicheka: "Shemeji atasema nini tena?" Lakini fikiri, msomaji: saa nane ya usiku mtu maskini yuko wapi, kama si kwa jamaa zake? Hana hati wala tikiti. Shahidi wake ni mkewe, au nduguye. Tukiwakataa hao kwa sababu ni jamaa tu, tumesema kwamba mkulima asiye na hatia hana njia ya kuonyesha hivyo. Sisemi kila aliyedai kulala kwa shemeji alilala kweli. Wako majambazi wenye jamaa wa kukodi, na ndiyo maana sheria yamtaka mshitakiwa atoe taarifa ya neno hilo kabla shauri halijaanza kusikilizwa, ili lichunguzwe. Akilileta mwishoni, mahakama yaweza kutolipa uzito. Lakini hata hivyo si kazi yake kuthibitisha alikokuwa. Yatosha atie shaka ya haki. Na hata ikigunduliwa kwamba alidanganya, labda kwa kuwa alikuwa kwa mwanamke asiye wake, au akivusha magendo mpakani, uongo huo hauongezi mwanga wa koroboi hata kidogo.

Basi kijana arudipo, watu hunong'ona: "Ametolewa na sheria tu." Neno hilo naliona baya, maana lamhukumu mara ya pili pasipo jaji. Kweli, majaji hawakusema kwamba hakuwako. Walisema kwamba haijulikani, na kwa jambo lisilojulikana mtu hanyongwi. Lakini jirani naye hajui zaidi yao, ila mama yule peke yake adhani ajua. Yeye ndiye nimwoneaye uchungu zaidi. Hukumu husomwa mjini, na hukumu nyingi za rufani zimeandikwa kwa Kiingereza. Yeye hupata habari gulioni ya kuwa muuaji wa mumewe amerudi. Hakuna aliyemwambia kwamba majaji hawakumwita mwongo. Yafaa mtu anayeweza kusoma hukumu ile, mwalimu au mwenyekiti wa kijiji, aende akaketi naye nyumbani kwake, amweleze neno kwa neno, kabla hawajaonana na kijana njiani.