Bei ya Kumfundisha Mtu Usiyemwona

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na labda wepesi wake ndio unaonisumbua. Video 12 za dakika 15 kila moja, zinazoeleza kwa Kiswahili namna ya kuchambua data za tasnifu kwa kutumia SPSS. Bei shilingi 20,000. Wakijitokeza wanafunzi 200 kwa mwaka, ni milioni 4, na mwakani video zile zile zinauzwa tena bila sisi kuongeza neno. Rafiki yangu, tunayesoma naye uzamili hapa Dar es Salaam, ameshaazima maikrofoni na ameshapata chumba kisichofikiwa na kelele za bodaboda. Ninayesubiriwa ni mimi, maana takwimu ninazijua mimi. Yeye anajua kuuza.

Pesa naihitaji, sitajifanya mtu wa kuishi kwa hewa na vitabu. Nina mdogo wangu kidato cha tano, kodi ya chumba hailipwi kwa falsafa, na shahada ya pili ni mahali ambapo mtu mwenye miaka 26 bado anaomba nauli kwa mama yake. Lakini kabla sijakaa mbele ya kamera nataka nijibu swali ambalo rafiki yangu anaona ni la kupoteza muda: hiki ninachotaka kukiuza ni changu?

Takwimu sikuzaliwa nazo. Nilifundishwa na dada mmoja aliyenitangulia mwaka, kwenye meza ya kulia ya hosteli, jioni baada ya jioni. Malipo yake yalikuwa chai na chapati, na siku nyingine chapati alilipia yeye. Mengine niliyapata kwenye video za bure za walimu wa India ambao hawatajua kamwe kwamba niliwahi kuwasikiliza. Bibi zetu walikuwa na neno kwa jambo la namna hii: kupalia moto. Unakwenda kwa jirani na kigae, unachukua makaa mawili matatu, unarudi kuwasha jiko lako. Hakuna aliyetozwa, kwa sababu moto ukichukuliwa haupungui. Maarifa nayo hayapungui. Kwa hiyo, mtu anaweza kusema, kuyatia bei ni sawa na kumdai jirani hela ya kaa la moto.

Hoja hiyo inapendeza, ila imesahau kuni. Moto wa jirani ni wa bure, mkaa wa kuendelea kupikia unanunua gunia. Video ya dakika 15 inakula siku mbili: kutafuta mfano unaoeleweka, kuandika, kurekodi, kukata vikohozi, kurekodi upya kwa sababu umeme ulikatika katikati ya sentensi. Yule dada alikuwa na jioni za kunipa. Siwezi kumdai kila mwenye ujuzi awe na jioni hizo, na nikiwatazama vizuri walimu wa bure, wengi wao ni watu ambao chakula chao kimeshalipiwa na mtu mwingine.

Uuzaji wa maarifa ulio wizi upo, na sisi tuliosoma hapa tuliufahamu kabla hatujaijua intaneti. Ni ule wa mwalimu anayeipitia mada juu juu asubuhi darasani, kisha anaifundisha kwa kina saa kumi jioni kwenye tuisheni, kwa wenye pesa. Ubaya wake hautokani na bei. Unatokana na wale 60 wa asubuhi, ambao walikuwa wanamdai somo hilo na hakuwapa. Wanafunzi 200 nisiowajua hawanidai kitu. Wanaonidai (hapa rafiki yangu huguna) ni wale wa mwaka wa kwanza wa idara yetu wanaokuja kuniuliza chumbani, kama mimi nilivyokwenda kuuliza. Siku nitakapomjibu mmoja wao kwamba hilo lipo kwenye video ya saba, nitakuwa nimeshakuwa mwalimu wa saa kumi.

Tena bei huenda ina kazi nyingine. Mwaka 2012 vyuo vya MIT na Harvard vilianzisha jukwaa la edX, kozi zao zikawa wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Mwaka 2019 watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wa MIT, walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa miaka sita ya kozi hizo. Katika mwaka wa masomo wa 2017/18, waliomaliza walikuwa kama asilimia 3 ya walioandikishwa. Miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikaribia nusu. Usikimbilie kusema pesa ndiyo iliyowafikisha mwisho. Anayelipa pengine alikuwa na nia kabla ya kulipa, na tabia ya kuona vitu viwili vikienda pamoja kisha kutangaza kwamba kimoja kimezaa kingine ndiyo mada ya video yetu ya tisa. Ila angalau takwimu hizo hazinipi sababu ya kuamini kwamba cha bure ndicho kinachomheshimu zaidi mwanafunzi.

Basi bei naikubali. Kinachonitatiza kiko kwingine, na aliyenisaidia kukiona ni Plato.

Katika kitabu chake kiitwacho Protagoras, kijana Hippocrates anagonga mlango wa Socrates kwa fimbo kabla hakujapambazuka. Protagoras, mwalimu mashuhuri anayefundisha kwa malipo, amefika Athens, na kijana usingizi hauji. Yuko tayari kumaliza pesa zake na za marafiki zake ilimradi apokelewe. Socrates hamkatazi. Anamwuliza tu: ukimlipa tabibu akufundishe, utakuwa tabibu, ukimlipa mchonga sanamu, utakuwa mchonga sanamu, ukimlipa huyu, utakuwa nani? Kijana anaona haya, na Plato anatujulisha kwamba mwanga ulikuwa umeanza kuingia, wa kutosha haya hiyo kuonekana.

Badala ya mlango weka simu, na Hippocrates utamkuta kila usiku, saa nane, anatumia bando la usiku kutazama tangazo la kozi inayofundisha namna ya kuuza kozi. Akimaliza atakuwa nani? Muuza kozi. Kozi ya nini? Ya kuuza kozi. Sidhani kama kuna mtu anayehitaji Socrates kuliona tatizo hilo, lakini nayo inanunuliwa.

Linalofuata pale ndilo zito zaidi. Socrates anamwambia kijana kwamba kununua maarifa kuna hatari kuliko kununua chakula. Chakula unakitia kwenye chombo, unakwenda nacho nyumbani, unamwita anayejua, unamwuliza kipi kiliwe, kiasi gani na wakati gani. Maarifa hayana chombo. Ukishalipa unayapokea moja kwa moja rohoni, na unaondoka ukiwa umeshafaidika au umeshadhurika. Nyanya naweza kuibonyeza pale Ilala kabla sijatoa hela. Kozi ya takwimu haibonyezeki, kwa sababu mtu anayeweza kutofautisha iliyo nzuri na iliyooza haihitaji tena. Anayenunua maarifa ananunua gizani, na taa pekee iko mkononi mwa anayeuza.

Majukwaa yanalijua hilo, ndiyo maana yanamwekea mnunuzi nyota, maoni na idadi ya walionunua kabla yake. Chukua Udemy, iliyoanza mwaka 2010. Mmoja wa waasisi wake, Eren Bali, alikulia kijijini Uturuki na akajiendeleza katika hisabati kwa kutumia intaneti. Ni moto wa kupalia, naye akaujengea soko, na sioni ubaya. Ninachokiangalia ni mgao wa pesa. Mteja akija kupitia kiungo cha mwalimu mwenyewe, mwalimu anapata asilimia 97. Jukwaa likimleta mteja kwa njia zake za kawaida, mwalimu anapata 37. Kibiashara ni haki kabisa: aliyemleta mteja alipwe. Lakini ona mgao huo unamfunza nini mwalimu. Pengo lote kati ya 37 na 97 halihusiani na kueleza vizuri, linahusiana na kutangaza. Akibakiwa na jioni moja tu kwa wiki, ataitumia kurekebisha somo la nne lililowachanganya watu, au kurekebisha tangazo? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Wao hawakupata kuona soko ambamo kisichojitembeza hakionekani kabisa.

Na hapo ndipo mimi na rafiki yangu tulipogombana, kuhusu jina la kozi. Yeye anataka iitwe "Maliza Sura ya Nne kwa Siku Tatu." Kwa asiyeandika tasnifu, Sura ya Nne ndiyo ya matokeo, ambapo watu wengi hukwama, wengine mwaka mzima. Nikamwambia huo ni uongo. Akaniuliza uongo uko wapi, wakati mwenye data safi anamaliza kwa siku mbili. Kisha akasema jambo ambalo bado sijalipatia jibu zuri: "Iite 'Utangulizi wa Takwimu' uone. Hatanunua mtu. Asiponunua hatafundishwa. Atakwenda kumlipa mtu wa steshenari laki mbili amchambulie data, na hatajua hata alichoandikiwa. Huo ukweli wako utakuwa umemsaidia nani?"

Ana haki, na anamjua mteja wetu kuliko mimi. Mteja wetu ni mtu ambaye msimamizi wake ametaka matokeo Ijumaa, na leo ni Jumanne. Hataki kujua takwimu, anataka kuacha kuogopa. Jina lile linauza siku tatu za kutoogopa, na hicho si kitu nilicho nacho. Mimi naweza kuahidi kitakachofanywa na mimi: nitaeleza jambo hili, kwa mifano hii, kwa muda huu. Nikianza kuahidi kitakachompata yeye, nimetoka kwenye kufundisha nimeingia kwenye utabiri, tena utabiri ninaolipwa kabla haujatimia na nisioulizwa ukishindikana.

Yule dada wa hosteli hakuwahi kuniahidi chochote, na sababu si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa ananiona. Nikikunja uso anarudia. Siku moja alitazama dodoso langu, akaniambia niache kufungua kompyuta, maswali yangu mawili hayapimi ninachodai kupima, nirudi nikayaandike upya kabla sijaenda kukusanya data. Video haiwezi kumwambia mtu hivyo. Itaendelea kumwelekeza abonyeze hapa, kisha hapa, na atapata jedwali zuri la namba zisizo na maana, akiwa ameridhika. Hilo ndilo dhara la Socrates lenyewe, na halionekani kwenye nyota. Mtu huyo atatupa tano.

Mafundi wa zamani walikuwa na kilemba: zawadi ambayo mwanafunzi alimpa fundi wake mwisho wa mafunzo, kazi ikishaingia mikononi. Malipo yakija mwisho, anayelipa ni mtu aliyekwisha kupata macho ya kupimia. Hata Protagoras, ambaye Plato hampendi sana, alikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi aliyeona ada ni kubwa aliruhusiwa kwenda hekaluni, kuapa mafunzo yale anayathamini kwa kiasi gani, na kulipa kiasi hicho. Ukilinganisha, siku 30 za kurudishiwa pesa ambazo Udemy hutoa kwa kozi nyingi ni kitu cha heshima, ila zinamtosha aliyechukia sauti yangu. Aliyefundishwa vibaya atajua miezi sita baadaye, mbele ya watahini.

Kwa hiyo nimemwandikia rafiki yangu masharti. Wa idara yetu hawalipi. Video ya kwanza iwe ya bure, na isiguse SPSS hata kidogo. Iulize tu data zako umezikusanyaje, na imwambie wazi mwenye dodoso bovu kwamba asinunue kozi hii, aende kwa msimamizi wake. Jina lisitaje siku. Na bei tuikate mara mbili: shilingi 10,000 mwanzoni, 10,000 tasnifu ikishapita, kwa hiari ya mtu.

Masharti matatu ya kwanza ameyakubali kwa shingo upande, akisema video ile ni sawa na kusimama mlangoni mwa duka lako na kufukuza wateja. La nne amelicheka. Jukwaa tunalolifikiria halina kitufe cha malipo ya namna hiyo, na hata lingekuwa nacho, nani amewahi kurudi kulipia mtihani alioshafaulu? Nilitaka kumtolea mfano wa Protagoras, nikaghairi, kwa sababu kuna kisa kingine chake ambacho kingempa yeye ushindi. Kimesimuliwa na Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2. Protagoras alimfundisha ufasaha wa kutetea kesi kijana aitwaye Euathlus kwa makubaliano kama haya haya: nusu alipe mwanzoni, nusu siku atakaposhinda kesi yake ya kwanza. Kijana alihitimu, na kesi hakuchukua hata moja. Mwalimu akampeleka mahakamani. Nikishinda, akasema, utalipa kwa hukumu. Nikishindwa, utakuwa umeshinda kesi yako ya kwanza, utalipa kwa mkataba. Mwanafunzi naye akamgeuzia hoja ile ile: nikishinda silipi kwa hukumu, nikishindwa silipi kwa mkataba. Majaji waliahirisha kesi hadi tarehe ya mbali sana.