Tutaonana Kesho

Mwishoni mwa Januari 2008, Kenya ikiwa katikati ya machafuko ya baada ya uchaguzi, David Kobia alilifunga jukwaa la Mashada. Hakulifunga kwa kukosa watu. Watu walikuwepo tele, wakiandika usiku na mchana, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Majukwaa mengi hufa kwa upweke. Hili lilifungwa likiwa limefurika, tena na mtu yuleyule aliyelianzisha.

Mashada lilikuwa miongoni mwa majukwaa ya mwanzo ya Wakenya mtandaoni. Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, alilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1990. Enzi hizo mtu wa Nairobi alilipia intaneti kwa dakika, kwenye saiba, huku akiitazama saa iliyo pembeni ya kioo cha kompyuta. Nyaya za baharini zilikuja kufika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo mawasiliano yalipanda hadi kwenye setilaiti na kushuka, na bei nayo ilikuwa ya kupanda angani. Kwa hiyo mwenye nafasi ya kukaa na kubishana saa nzima mara nyingi alikuwa mtu wa ughaibuni, aliyetoka zamu ya usiku na asiye na wa kumsimulia habari za nyumbani. Siasa, kandanda, mapenzi, muziki, nani kadanganya nini bungeni: yote yalikuwa na nafasi.

Jamii kama hiyo ikifa, kinachokufa ni nini hasa? Mafundi watasema ni tovuti: seva imezimwa, anwani haijalipiwa. Jibu hilo ni sahihi na halitoshi.

Ukitembea Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja utaziona baraza za mawe zilizojengwa pamoja na kuta za nyumba, uso ukitazama njia. Wazee wakishaswali alasiri hukaa hapo, kahawa ikapita, mtu akatoa neno na mwenzake akalipinga. Magharibi ikiingia wanaondoka, na maneno yao huondoka nao. Jiwe hubaki. Kesho likikaliwa na watu wengine, watakuwa na mazungumzo yao. Mtandaoni mambo yamepinduka: watu huondoka, jiwe halipo, na maneno ndiyo yanayobaki. Leo ukifungua uzi wa mwaka 2006 mahali fulani utakuta kila kitu kipo, matusi, utani, hata ahadi ya mtu kwamba atarudi baadaye kujibu. Asomaye sasa anaelewa kila neno, lakini hajui kwa nini watu walicheka. Basi maneno si jamii. Kilichokufa ni kitu kilichokuwa kati ya waandishi, na ambacho hakikuandikwa popote.

Kwa maoni yangu kitu hicho ni matarajio ya kukutana tena. Mtu akijua kwamba kesho atabishana na yuleyule aliyebishana naye leo, na kwamba wale waliosoma ya leo watakuwepo kusoma ya kesho, anaupima ulimi wake. Si kwa sababu ni mwema. Ni kwa sababu ataulizwa. “Mkuu, si wewe uliyesema hivi juzi?” Swali hilo moja limelinda adabu kuliko kanuni zote zinazobandikwa juu ya ukurasa na ambazo hakuna azisomaye.

Wengi huzilaumu lakabu, wakidai kwamba anayejificha nyuma ya jina la bandia hana haya. Ni kweli nusu. Lakabu iliyodumu miaka mitano huwa jina kamili. Ina sifa, ina maadui, ina watu wanaoitetea, na mwenyewe huilinda kama anavyolilinda jina la baba yake. Katika nchi zetu imewalinda wengi waliosema ukweli kuhusu wakubwa. Lakabu ya jana ndiyo ya kuogopwa, ile iliyofunguliwa leo asubuhi ili itumike na kutupwa jioni. Mwenye nayo hana kesho na mtu yeyote.

Wamarekani walilijua hili mapema. Mwaka 1985, karibu na San Francisco, Stewart Brand na Larry Brilliant walianzisha The WELL, kijiji cha mazungumzo kwa kompyuta kabla umma haujaijua intaneti. Watu walilipa ada, na nyuma ya kila lakabu jina halisi la mtu lilijulikana. Kanuni kuu ilikuwa kwamba kila mtu ni mmiliki wa maneno yake, maana yake akiulizwa ayajibu. Baadhi yao walianza kukutana ana kwa ana, wakauguzana, wakazikana. Howard Rheingold, aliyekuwa mmoja wao, alikieleza kijiji hicho katika kitabu chake cha mwaka 1993. Kampuni ya Salon ilikinunua mwaka 1999, kisha mwaka 2012 wanachama wenyewe wakachanga dola 400,000 wakakikomboa. Kipo hadi leo, kidogo, chenye watu wazima wengi, na hakuna gazeti linalokizungumzia. Kimesalimika kwa kukataa kuwa kikubwa, au pengine kwa kushindwa kuwa kikubwa. Wakati mwingine haya mawili ni vigumu kuyatenganisha.

Maana ukubwa una habari yake. Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, ulikuwa na tatizo lenye msimu. Kila Septemba vyuo vya Marekani vilifunguliwa, na wanafunzi wapya wakamiminika humo. Waliuliza yaliyokwisha kuulizwa mara mia, wakatibua mijadala, wakakaripiwa. Baada ya wiki kadhaa walikuwa wamekwisha kupewa jembe la siku ya tatu, na ikifika Desemba wao ndio waliokuwa wakijiandaa kuwakaripia wa mwaka ujao. Kisha, kati ya 1993 na 1994, kampuni zilizouza huduma ya mtandao majumbani, AOL ikiwamo, zikawafungulia wateja wao mlango. Wageni hawakuja tena kwa msimu, walikuja kila siku. Wenyeji wakasema Septemba ya mwaka 1993 haikuisha, na baadhi yao bado wanasema hivyo.

Siwalaumu wageni hao. Kila mwenyeji alikuwa mgeni mjinga siku moja, na mara nyingi wazee wa jukwaa hulalamikia vijana kwa kusahau maandishi yao wenyewe ya mwaka wa kwanza. Kilichovunjika ni uwiano. Mwenyeji mmoja anaweza kuwafunza wageni watatu. Mia hawezi, naye akichoka huondoka kimya, na anapoondoka huondoka na jembe. Februari 2024 Google iliacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet kwenye huduma yake ya makundi, ikieleza kwamba mengi yaliyokuwa yakipita humo yalikuwa takataka za matangazo.

Kufa kwa upweke nako kuna namna yake, na ndiko kulikoenea zaidi. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa Kidenmaki wa matumizi ya kompyuta, aliandika kwamba katika jamii za mtandaoni watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yote. Basi jamii unayodhani ina watu 500 huenda inasimama juu ya watano. Mmoja akipata mtoto, mwingine akabadili kazi, wa tatu akakosana na wa nne, imekwisha. Hakuna tangazo. Wale 90 ambao hawakuwahi kusema neno ndio wa mwisho kugundua, na huzuni yao hatutaisikia kwa sababu hawakuzoea kuandika. Nawaonea huruma hasa hao. Walikuwa wanajamii kamili. Kusikiliza ni kazi, na mbishi asiye na wasikilizaji huchoka haraka kuliko anavyokubali.

(Yapo makundi yanayojua kufa. Kundi la WhatsApp la michango ya harusi lina kamati, mweka hazina, ugomvi wake na vichekesho vyake. Harusi ikipita, mwenyekiti hushukuru, watu hutoka mmoja mmoja, na hakuna anayeomboleza. Wanaobaki ni wale waliosahau kutoka, na mmoja wao miaka miwili baadaye huweka picha ya chai na salamu za asubuhi.)

Turudi Kenya. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Rais Mwai Kibaki akatangazwa mshindi na kuapishwa jioni ileile, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu waliofungiwa habari huitafuta popote ilipo. Ujumbe wa simu, uvumi, na majukwaa ya mtandaoni vikawa chanzo cha mtu ambaye mama yake yuko Eldoret na hapokei simu. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika majuma yale na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mashada lilijaa. Waliokuwa wakitaniana kwa miaka walianza kuhesabiana makabila, na hasira ikaingia kwa wingi kuliko alivyoweza kuichuja msimamizi yeyote.

Nimeiwaza sana hali hiyo, kwa sababu inaipinga hoja yangu. Watu hawa walijuana. Walikuwa na kesho pamoja, tena kwa miaka. Mbona haikuwazuia? Ninavyoiona, matarajio ya kukutana tena hutegemea kuamini kwamba kesho hiyo ipo. Nchi inapoungua, mtu haoni kesho. Anaona leo tu, na leo kuna wetu na wao. Kila jamii ya mazungumzo imekopa amani yake kutoka katika jamii kubwa iliyo nje, na mwenye mali akifilisika mkopaji hana kitu.

Mwanafalsafa Hannah Arendt, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akaishia Marekani, aliandika mwaka 1958 katika The Human Condition kuhusu nafasi inayozaliwa watu wanapokutana kutenda na kusema pamoja. Nafasi hiyo, kwake, haitegemei kuta wala mipaka. Huwapo watu wanapokusanyika, hutoweka wanapotawanyika, hata kama majengo yamesimama. Akiwa sahihi, nami naamini yuko sahihi, basi Mashada lilikuwa limekwisha kutoweka siku kadhaa kabla ya Kobia kulifunga. Watu walikuwa bado wanaandika, lakini hakuna aliyekuwa akimwambia mwenzake kitu. Walikuwa wakiandika mbele ya wenzao, dhidi yao.

La kuvunda halina ubani. Hata hivyo wapo walioona kufunga ni kuwanyima watu sauti wakati ambao serikali nayo ilikuwa ikiwanyima, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tanzania inaijua vizuri tofauti ninayotaka kuitaja. Juni 2018 JamiiForums, jukwaa la majadiliano la Watanzania, ililazimika kusitisha huduma kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya zilizotaka wachapishaji wa mtandaoni wawe na leseni, na gharama zake zilikuwa takriban shilingi milioni mbili. Wanablogu wengi wadogo nao walinyamaza. Kufungwa huko kulitoka kwa mtu asiyekuwa sehemu ya mazungumzo na asiyeyapenda. Kobia alifunga akiwa ndani, kitu chake, mbele ya watu aliowajua, naye hakuondoka. Siku chache baadaye aliwaelekeza waliokuwa wakija Mashada kwenye tovuti mpya aliyoiita I Have No Tribe, mahali pa kusema mtu hana kabila na kusikiliza wengine wakisema kwa nini. Januari hiyohiyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Ushahidi, pamoja na Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman: ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia kuripoti vurugu alizoziona. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilikuwa ikitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010.

Mashada lilifunguliwa tena baadaye. Lakini watu walikuwa wakihamia Facebook, nyaya za baharini zilikuwa zinafika, na mtoto wa shule wa Kisii sasa aliweza kubishana na mwanasheria wa Toronto bila kulipia dakika. Umati ulikuwa mkubwa mno kwa yeyote kumkumbuka mwingine.

Huwa tunazihukumu jamii hizi kwa umri wao, kana kwamba iliyodumu miaka 30 ilikuwa na maana na iliyodumu minne ilipoteza muda wa watu. Sioni msingi wa hesabu hiyo. Mtu aliyekuwa peke yake kwenye chumba cha kupanga ughaibuni, akaandika neno saa nane za usiku na kujibiwa kwa lugha ya kwao, alikwisha kulipwa papo hapo. Kifo cha jukwaa hakimdai chochote. Kobia alikuwa na haki ya kufunga, na alifunga kwa wakati. Kosa lingekuwa kuliacha wazi eti kwa sababu bado lilikuwa na wasomaji.