Simu ya Kwanza ni ya Nyumbani Kwake

Wenzangu tulioingia Mlimani mwaka 1972, nawasalimu.

Tulipofika, chuo kilikuwa na miaka miwili tu tangu kiitwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya kile cha Afrika Mashariki kugawanywa mwaka 1970. Leo hata mdogo wetu kabisa amevuka sabini. Zamani tukiuliziana habari tulisikia nani kaoa, nani kapewa wilaya, nani kapelekwa ng'ambo kuongeza masomo. Sasa ni sukari, presha, macho na misiba. Habari za namna hii zina adabu yake, na adabu hiyo inatuponyoka. Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nimekosa.

Mwenzetu mmoja alifariki alfajiri. Jirani yake alinipigia simu, nami hata sijashuka kitandani nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba ametutoka. Pole zikamiminika. Kumbe binti yake alikuwa ndani ya basi akitokea Mwanza kuja kumuuguza, na kaka zake walikuwa wamekubaliana asiambiwe mpaka ashuke, apokewe na shangazi yake. Mmoja wetu alikuwa na namba yake, akamtumia pole kwa nia njema kabisa. Basi likiwa kati ya Singida na Dodoma, mtoto yule akajua kuwa hana baba, amekaa na abiria asiowajua. Nilikwenda kumwomba radhi kabla ya arobaini. Aliniamkia, akaniita baba mdogo, akaniwekea chai. Chai ile haikupita kooni.

Mnakumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania? Alitajwa kwanza anayetangaza na mahali alipo, kisha marehemu, kisha likaja lile neno, habari ziwafikie, na majina yakafuata moja baada ya jingine pamoja na miji yao. Redio ilisikika nchi nzima, lakini tangazo lilikuwa la jamaa. Wao ndio waliolipeleka, wao ndio waliopanga nani atajwe. Sisi marafiki tulisikia pamoja na watu wengine, kisha tukatafuta usafiri. Basi ukipata habari ya mwenzetu, piga kwanza simu nyumbani kwake. Uliza kama wote wameshaarifiwa, na kama wanaridhia uwaambie aliosoma nao. Wakikuambia subiri, subiri, hata ikifika jioni.

Ugonjwa nao ni hivyo hivyo. Picha ya mgonjwa akiwa na dripu, shuka limemteleza kifuani, haisambazwi na mtu anayempenda. Yule aliyekuwa akipiga pasi shati lake kila asubuhi asingekubali aonekane vile, na kwa kuwa hana nguvu ya kukataa, mkatalie wewe.

Kuhusu watoto tuwe wapole zaidi. Kuna swali tunalorushiana kila tukikutana: kijana wako siku hizi yuko wapi? Anayeuliza mara nyingi ana wake Toronto au Muscat anayetaka kumtaja. Anayeulizwa huenda wake yuko chumba cha uani, ameshindwa na pombe, au amezikwa na hatukujua. Uliza nyumbani hawajambo, kisha nyamaza. Akitaka kufungua mlango atafungua mwenyewe.

Michango ya harusi na misiba nimeshaisema, na sitachoka kuisema: orodha ya majina na kiasi ibaki kwa mweka hazina. Tunaoishi kwa pensheni hatulingani. Najua aliyeacha kuja kwenye misiba yetu kwa sababu jina lake lilikuwa likibandikwa mwisho kila mara, na elfu tano yake.

Na wajane wetu. Tunamzika mwenzetu kwa heshima kubwa, kisha siku hiyo hiyo tunaitoa namba yake kundini, na mkewe hasikii tena sauti yetu. Shemeji huyu alitupikia miaka arobaini. Anajua majina ya watoto wetu wote. Mpigie Idi, mpigie Krismasi, mpigie na siku isiyo na sababu.

Lililo gumu kuliko yote ni mwenzetu anaposahau. Ukienda kumwona usimuulize kama anakukumbuka. Swali hilo linamdhalilisha mbele ya mkewe. Taja jina lako mwenyewe, mwambie mlilala chumba kimoja, kisha zungumza naye popote atakapokuwa amefika. Alhamisi iliyopita nilikuwa kwa mmoja wetu. Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha historia Mlimani enzi zetu, anazungumza jioni ile Ukumbi wa Nkrumah. Sikumwambia kwamba Rodney aliuawa Georgetown mwaka 1980. Msiba huo alishaulia mara moja, na nilikuwepo. Nilimjibu kwamba tukichelewa tutakosa viti. Shemeji alinyanyuka bila neno, akamletea viatu, akapiga goti kumfunga kamba. Tukatoka watatu, polepole, yeye katikati, mpaka kwenye mwembe wa jirani, ambapo kulikuwa na benchi tupu.