Chema Chajiuza? Kitabu Mbele ya Mchaguzi

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewatuliza wengi wenye bidhaa njema na duka lililo njiani. Lakini yako mambo mema yasiyo na duka, na kitabu kilichochapishwa na mwandishi mwenyewe ni mojawapo. Hakina kampuni ya kukitangaza wala wakala wa kukisambaza, kisipopelekwa, hakifiki. Je, mwandishi anayekiweka kitabu chake mbele ya mchaguzi, akiomba kiingizwe katika bunda pamoja na vya wenziwe, anajitembeza? Au anakitimizia kitabu haki yake?

Mabunda ya vitabu yamekuwa biashara inayojulikana tangu mwaka 2012, ilipoanzishwa StoryBundle kwa ajili ya waandishi wanaojitegemea. Mchaguzi, ambaye mara nyingi ni mwandishi mzoefu, hukusanya riwaya kadhaa zenye mwelekeo mmoja, na za fantasia zimo kwa wingi. Riwaya hizo huuzwa pamoja katika intaneti kwa majuma machache. Msomaji hujipangia bei juu ya kima cha chini kilichowekwa, na akiongeza fedha huongezewa vitabu. Mtu wa pwani hatauona utaratibu huu kuwa mgeni sana. Katika taarab, asikilizaye ndiye ainukaye kwenda kumtunza mwimbaji, naye hutoa kwa kadiri alivyoguswa. Lakini kabla ya kutunzwa, mwimbaji sharti apandishwe jukwaani, na yuko mtu aliyeamua nani apande.

Na achukuliwe mwandishi akaaye Makumira, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi, mahali panapojulikana kwa chuo cha theolojia cha Kilutheri ambacho leo ni chuo kikuu. Juu yake umesimama Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, naye ameubunia mlima huo ufalme wa viumbe wasioonekana mchana. Ameilipia riwaya yake uchapaji kwa fedha zake. Watu wa nyumbani wameisifu. Lakini sifa za nyumbani hazimtoshi, na kutotosheka huko si tamaa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Naye aliyekuwa mwandishi, mhariri na mchapishaji wa kitabu kimoja ameiwamba ngoma hiyo peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Anahitaji sikio lisilo lake. Kumpelekea mchaguzi kitabu, kwa maana hii, ni unyenyekevu wa mtu anayejua kuwa hukumu yake juu ya kazi yake ina upande.

Hata hivyo, milango si mamoja. Uko mlango unaozuia, na uko mlango unaokaribisha. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na uwezo wa kuidhinisha Kiswahili cha vitabu vya shule. Kitabu kilichokosa idhini yake kilikuwa kimefungiwa njia kubwa. Namna ya pili ni shindano. Hadithi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958 kisha ikachapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa akaingia katika nyumba za wasomaji. Bunda la vitabu ni mlango wa namna hii ya pili. Mchaguzi akikataa, hakifuti kitabu. Mwandishi wa Makumira amekwisha kuchapisha; anaomba msafara wa kusafiri nao, wala haombi ruhusa ya kuwapo. Ndiyo maana anaweza kubisha hodi bila kupiga magoti.

Wako watakaosema kuwa kazi bora haihitaji msafara, kwamba wakati utaipambanua. Wakati haujawahi kupambanua kitu bila mikono ya watu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake hayakujihifadhi. Yalihifadhiwa na waliyoyakariri, kisha Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya akishirikiana na W. E. Taylor, na diwani ikatolewa na W. Hichens mwaka 1940. Hapo pana karne nzima na wachaguzi watatu. Ni beti ngapi za malenga wengine zilizokosa Sikujua wake? Shaaban Robert naye aliandika *Kufikirika* mwaka 1946. Ikachapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufariki kwake. Chema kile hakikujiuza. Kilingoja.

Basi ikiwa mchaguzi ana uzito huo, naye ana deni. La kwanza ni kusoma. Kukataa kitabu baada ya kukisoma ni haki yake. Kukikataa kwa jina la mji ulio juu ya jalada ni dhuluma, hata kama hakuna atakayeijua. La pili ni kueleza masharti waziwazi: mapato yatagawanywaje, na mwandishi anatoa haki gani, kwa muda gani. La tatu ni kutochagua kwa kujuana. Bunda lililojaa marafiki ni karamu ya jamaa iliyoandikwa mlangoni kuwa ni ya watu wote.

Mwandishi pia ana lake. Asipeleke kazi yenye makosa aliyoyajua kwa kuwa tu ana haraka, kwani katika bunda kitabu kibovu huwatia doa wenzake. Lakini mtihani wake mkubwa ni mwingine. Mabunda hayo kwa wingi ni ya Kiingereza, na wasomaji wake wamezoea majoka na ngome za mawe. Mwandishi atashawishika kuitafsiri riwaya yake kwa namna ya kuigeuza: zimwi liwe joka, mgomba uwe mwaloni, na Meru uwe mlima wowote. Kutafsiri si dhambi. *Adili na Nduguze* ya mwaka 1952 ina majini waliosafiri kutoka masimulizi ya mbali, na wamekaa vizuri katika Kiswahili. Tofauti iko hapa: mgeni aliyekaribishwa humwongezea mwenyeji, ilhali mwenyeji aliyefukuzwa nyumbani kwake ili mgeni asishangae amepotezwa. Aliyeondoa kila kilichomfanya awe wa Makumira ili achaguliwe hakuchaguliwa yeye.

Na akikataliwa? Ardhi ile ina somo lake. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa kwa ombi lile, lakini neno lao lilikuwa limetamkwa mahali ambapo halikupata kutamkwa. Kitabu si ardhi, na kukosa bunda si kukosa makao. Hata hivyo tofauti ileile inasimama: kusikilizwa ni jambo moja, kukubaliwa ni jambo jingine, na la kwanza lina thamani yake hata la pili lisipokuja. Karama wa *Kusadikika* alisimama kizimbani akiwasimulia wajumbe sita ambao nchi yao haikuwasikiliza. Kwa kuwasimulia, aliwapa msikilizaji.

Methali basi haikukosea, bali imesomwa nusu. Kinacholaumiwa ni kibaya kujisifu, wala si chema kusafiri. Mwandishi wa Makumira aseme kweli juu ya kitabu chake, akikabidhi kama kilivyo, kisha arudi kwenye meza yake. Bunda lina majuma yake machache, kisha hufungwa. Mlima wake unangoja riwaya ya pili.